Gesi inapita chini ya miguu yao, wao wanatetemeka kwa baridi

Wakuu, nimechoka. Kila yakitajwa maslahi ya China huko Asia ya Kati tunaletewa hesabu ileile: Beijing inataka nini, Moscow imepoteza nini, Washington imechelewa wapi. Wenye hiyo gesi, mafuta na urani hawaulizwi hata hali zao.

Januari 2023, Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan. Baridi kali ikaingia, gesi ikakatika majumbani, umeme nao ukafuata. Watu wanalala na makoti. Rais Mirziyoyev akamfukuza kazi meya wa jiji. Haya, meya kaondoka. Lakini mabomba matatu ya gesi yanayotoka Turkmenistan kwenda China yanakatiza Uzbekistan hiyohiyo, yana uwezo wa kupitisha mita za ujazo bilioni 55 kwa mwaka, na kwa miaka kadhaa Uzbekistan ilikuwa inaingiza humo gesi yake yenyewe kwenda kuuza. Oktoba mwaka huohuo ikaanza kununua gesi ya Urusi. Mwenye kisima anaomba maji kwa jirani!

China siilaumu kwa kutaka. Inatafuta nishati isiyolazimika kupita baharini, kwenye Mlango wa Malacca, ule mkondo mwembamba kati ya Malaysia na Indonesia, ambako meli zake zinaweza kuzuiwa siku ya ugomvi. Bomba la nchi kavu linaiondolea hofu hiyo. Hasira zangu ni kwa wanaotia saini upande wa pili wa meza.

Turkmenistan ilikuwa imeshikwa koo na Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi. Aprili 2009 bomba la kwenda Urusi likalipuka, mauzo yakasimama, na Desemba mwaka huohuo bomba la China likafunguliwa. Wakashangilia kwamba wamepona. Wamepona nini? Wametoka kwa mnunuzi mmoja wakahamia kwa mwingine, na bei ya gesi hiyo imefanywa siri hata kwa raia ambao ndio wenye mali.

Kyrgyzstan ndiyo inayoniuma zaidi. Walikopa dola milioni 386 kutoka Benki ya Exim, benki ya serikali ya China, kukarabati mtambo unaoupa mji mkuu, Bishkek, umeme na joto. Kazi ikakabidhiwa 2017. Januari 2018, katikati ya baridi ya kuua, mtambo ukaharibika na majumba yakapoa. Walipofukua hesabu wakakuta plaizi, hii plaizi ya fundi mnayoijua, imeandikwa dola 320! Kesi ikawafikia hadi waliowahi kuwa mawaziri wakuu. Mkopo uliandikwa kwa jina la nchi nzima, wakiwemo wale waliokesha wakitetemeka.

Tajikistan nako, 2011 bunge likaidhinisha kuiachia China kama kilomita za mraba 1,000 za milima ya Pamir. Wakubwa wakaita ushindi, eti China ilikuwa inadai zaidi. Baadaye kampuni ya China ikajenga mtambo wa umeme katika mji mkuu, Dushanbe, na kulipwa kwa haki ya kuchimba dhahabu.

Na msiniambie wananchi wa huko hawajali. Mwaka 2016 serikali ya Kazakhstan ilitaka wageni wakodishe mashamba miaka 25 badala ya 10. Watu wakajaa barabarani katika miji ya Atyrau, Aktobe, Semey. Wanaharakati wawili wa Atyrau wakafungwa miaka mitano kila mmoja, lakini sheria ikasimamishwa, na 2021 kuwapa wageni mashamba kukapigwa marufuku kabisa. Walioyapata hayo ni watu wa kawaida, si wachambuzi wetu wa ramani.

Sasa kuna bomba la nne, Line D, lililopangwa kupita Tajikistan na Kyrgyzstan. Limekwama kwa miaka. Kabla halijafukiwa ardhini, mkataba wake uchapishwe kwa lugha za watu wa huko, uoneshe bei, uoneshe muda, na uoneshe ni gesi kiasi gani itashushwa vijijini linakopita mwezi wa Januari.