Naomba ushauri: chai ya Yunnan ya gololi, maji ya kwanza mepesi, ya tatu machungu

Habari zenu wadau. Niko Guangzhou, China, kuna jamaa kanipa Dianhong, chai nyeusi ya Yunnan iliyoviringishwa kwa mkono ikawa kama gololi, nyeusi ina michirizi ya dhahabu, ndo machipukizi yenyewe hayo. Ikiwa kavu inanukia kakao kabisa. Sasa mi nimezoea chai ya rangi ya kwetu, majani sufuriani, tangawizi, sukari, ichemke basi. Hii natia gololi moja kwenye gaiwan, kile kibakuli chao cha mfuniko, mililita 120 hivi, maji nyuzi 95, sekunde 15 namimina, inatoka rangi ya asali ila ladha hamna maana gololi bado imejikunja, halafu natia maji mapya juu ya gololi ileile, ikifika mara ya tatu majani yamefunguka yote kwa mpigo, uchungu huo mpaka ulimi unakauka. Utamu unasikika ile ya pili tu.

Wazoefu, niloweke ya kwanza hata dakika nzima halafu zinazofuata nimimine chapchap? Au nishushe joto hadi 85? Na kuna mtu kashawahi kuimega gololi kabla ya kutia maji, haiharibu? Maziwa msiniambie jamani, hii siitii maziwa.