Filamu ya marafiki wasanii: walipwe kwa siku au kwa mgawo?

Hoja iliyo mezani: filamu huru kuhusu washairi, wachoraji na wapiga muziki marafiki. Waigizaji ni 8, wote wahusika wakuu, na picha zitapigwa siku 14. Pesa ni kidogo. Je, ni haki kuwaambia wafanye kazi sasa, walipwe mgawo wa pesa filamu ikiuzwa?

Mtayarishaji, Nairobi: Ni haki, na bila hivyo filamu za aina hii hazitengenezwi. Watu 8 kwa siku 14 ni siku-kazi 112. Kwa shilingi 3,000 tu kwa siku, tayari ni 336,000, na bado hujakodi kamera wala kulisha watu. Mwongozaji Mmarekani John Cassavetes alipiga filamu yake *Shadows* jijini New York mwaka 1957 na waigizaji wa darasa lake, kisha 1959 akawakusanya tena kupiga matukio mapya. Anayejua kazi ni yake ndiye huitikia mwito kama huo.

Mwigizaji, Dar es Salaam: Kaka, mgawo wa nini: wa mapato au wa faida? Faida hupatikana baada ya kutoa gharama, na gharama anaziandika mtayarishaji mwenyewe. Nauli za tamasha, mabango, kodi ya ofisi, mwishowe faida ni sifuri miaka yote huku filamu inaonyeshwa. Mkataba utaje mpangilio: msambazaji achukue kamisheni yake, fedha zilizotumika zirudi kwa kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu, kinachobaki kigawanywe kwa hisa. Siku moja ya kazi iwe hisa moja, awe staa au anayeshika fimbo ndefu ya maiki. Na taarifa ya hesabu itoke kila miezi 6, hata kama hakuna kilichoingia.

Msaidizi wa mwongozaji, Mombasa: Mnasahau ratiba. Asiyelipwa akiitwa kuigiza tangazo la biashara la siku mbili ataenda, na huna haki ya kumlaumu. Kwenye matukio ya wawili wawili unahamisha siku, basi. Balaa ni karamu ya watu 8 meza moja. Mmoja akikosekana, kila picha inayovuka meza inaonyesha kiti kitupu. Ukimrekodi peke yake wiki ijayo, wenzake hawapo wa kumtazama, macho yanaangukia pasipo mtu, na ndevu alizonyoa kwa ajili ya tangazo hazijaota. Kwa hiyo matukio ya kundi yawekwe siku 4 za mwanzo, zilipwe taslimu kabla watu hawajaondoka lokesheni: siku-kazi 32, shilingi 96,000. Zilizobaki ziwe za mgawo. Chakula na nauli ni kila siku, na visihesabiwe kuwa malipo.

Mtayarishaji, Nairobi: Hiyo 96,000 inatafutika. Hisa sawa kwa kila siku siziafiki: mhariri atakaa na kazi hii miezi mitatu, hisa zake zitawameza wote.

Mwigizaji, Dar es Salaam: Basi wekeni ukomo wa hisa za mhariri, ila usainiwe kabla ya mazoezi. Mtu akishanyolewa nywele kwa ajili ya uhusika, hana tena nguvu ya kukataa karatasi.