Ushauri: nimealikwa harusi ya Kichina Shunde, mimi Mwislamu, nijiandaeje?

BintiPangani:
Assalaam alaykum, na habari zenu wadau. Nasoma Guangzhou. Mwenzangu wa darasani, Mchina, anaolewa mwezi ujao. Kwao ni Shunde, upande wa Foshan. Kanialika asubuhi nyumbani kwa wazazi wake na jioni kwenye karamu hotelini. Huyu ndiye aliyenishika mkono nilipofika sijui hata kukata tiketi ya treni, kwa hiyo nataka niende kwa heshima zote, nisimwaibishe mbele ya wakwe.

Nisaidieni. Kwenye bahasha nyekundu niweke kiasi gani? Nina buibui jeusi zuri la kutokea na gauni jekundu, nivae lipi? Nguruwe na pombe nitavikwepaje bila kuwaudhi wazee? Nilitaka pia kumpa doti ya kanga. Na kuna rafiki yangu Mkenya anataka kunisindikiza.

Kaka_wa_Xiaobei:
Dada, hongera kwa mwaliko. Ukifika hotelini utakuta meza ya mapokezi na kitabu cha wageni. Bahasha, hongbao, unaikabidhi hapo kwa mikono miwili, jina lako umeliandika nyuma ili wajue nani katoa. Noti ziwe mpya, pita benki mapema. Kiasi kiwe cha shufwa: 200, 600, 800. Namba 4 usiiguse, kwao inasikika kama kifo, na 250 ni tusi la kumwita mtu mpumbavu.

Huku jimboni Guangdong viwango viko chini kuliko Shanghai au Zhejiang. Wewe ni mwanafunzi na wanajua, yuan 200 inatosha kabisa. Usishtuke wakikurudishia bahasha yako ikiwa imekunjwa kona. Familia nyingi za huku hupokea baraka na kurudisha pesa. Usibishane nao, pokea na ushukuru.

Mama Ilham:
Mwanangu, nguo zote mbili ziache nyumbani. Nyeusi na nyeupe ni rangi za msiba kwao, na wazee wa Kikantoni, yaani wa huku Guangdong, wanalishika sana jambo hilo siku ya harusi. Hata kama vijana watasema haina neno, bibi yake bwana harusi hatasema hivyo. Nyekundu nayo ni ya bibi harusi. Atavaa vazi la Kikantoni liitwalo "kwa", lile koti na sketi nyekundu zilizotariziwa joka na feniksi kwa nyuzi za dhahabu na fedha, kazi ya mkono ambayo ukiikaribia huoni kitambaa, unaona nyuzi tu. Mwache ang'ae peke yake. Wewe tafuta abaya ya kijani, bluu au waridi, na mtandio wa kufanana nayo.

Kanga mpelekee! Doti ni vipande viwili, na harusini Wachina wanapenda vitu viwili viwili. Chagua yenye nyekundu na manjano, isiwe ile ya kisutu yenye weusi mwingi. Jina la kanga lisome vizuri kabla hujalipa, usimpelekee bibi harusi kijembe cha mke mwenza. Mpe faraghani siku moja kabla, maana siku yenyewe hatakuwa na mkono wa kushikia kitu.

Msomi_Guangdong:
Niongeze kwenye chakula, maana hapo ndipo pagumu.

Karamu ya Kikantoni kwa kawaida hufunguliwa na mtoto wa nguruwe wa kuchoma, mzima, ngozi inameta. Huletwa kwa shangwe, taa na muziki. Kwako si suala la kukwepa sahani moja tu. Supu hata ikiitwa ya kuku au ya samaki mara nyingi imechemshiwa mifupa ya nguruwe, na tambi za mwisho huenda zimepitia mafuta yake. Meza ni ya watu kumi au kumi na wawili, chakula kinazunguka kwenye kioo katikati, vijiko vinachanganyika.

Dawa yake ni kumwambia bibi harusi sasa hivi, si usiku wa karamu. Mwambie wewe ni Mwislamu, unakula qingzhen, yaani halali. Wachina karibu wote wanalijua neno hilo kwa sababu ya Wahui, Wachina Waislamu, na migahawa yao ya tambi za Lanzhou. Mwombe hoteli ikupikie samaki wako kwa mvuke, pembeni, kwenye sahani yake, kwa mafuta ya mimea, na wali mweupe. Hapo una bahati: Shunde ni mji wa mapishi unaotambuliwa na UNESCO tangu 2014, na samaki wa mvuke ndiyo fahari yao. Mpishi hataona usumbufu. Na bado, kula kwanza Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye migahawa ya halali, kabla hujaondoka.

Pombe ni rahisi zaidi. Maharusi na wazazi watapita meza kwa meza, wote mtasimama, mtasikia ganbei, yaani maliza glasi. Jaza chai kwenye glasi, sema "yi cha dai jiu", yaani chai mahali pa pombe. Ni adabu yao wenyewe, wala hujabuni. Shika glasi kwa mikono miwili, na ukigonganisha na mzee hakikisha mdomo wa glasi yako uko chini ya yake. Wataliona hilo na watalikumbuka kuliko ulichokunywa. Mtu akikumiminia chai, gonga meza polepole kwa vidole viwili. Ndiyo asante ya Kikantoni.

MkenyaFoshan:
Huyo rafiki abaki, dada. Viti vimehesabiwa meza kwa meza na vimelipiwa. Kama bibi harusi hakumtaja, usimwombee kiti.

BintiPangani:
Allah awalipe kheri. Nimemwandikia sasa hivi kuhusu chakula, kajibu hapohapo kuwa ataongea na hoteli. Sasa asubuhi nifanye nini? Na kadi ya jioni ina nyakati mbili tofauti, saa 12 jioni na saa 2 usiku.

Mama Ilham:
Saa 12 ni ya kufika, saa 2 ndiyo ya kukaa mezani. Katikati watu wanapiga picha na wazee wanacheza mahjong, mchezo wao wa vigae. Nenda saa 1 hivi.

Asubuhi bwana harusi akija kumchukua mke, mashoga wa bibi harusi watamfungia mlango na kumdai bahasha, kama kifungua mlango chetu. Ukiitwa kusaidia kuzuia mlango, zuia! Baadaye maharusi watawapa wazazi na wakubwa chai, mmoja mmoja kwa daraja la ukoo. Hapo kaa pembeni, nyamaza, usipite mbele yao hata kama unataka picha.

Kaka_wa_Xiaobei:
Kurudi: metro ya Guangzhou, laini ya 7, inafika Shunde hadi Meidi Dadao, lakini angalia saa ya treni ya mwisho. Ikiletwa supu tamu ya maharage mekundu na matunda, karamu imekwisha, na watu huinuka mara moja, hakuna kukaa kupiga soga. Maharusi na wazazi watakuwa wamesimama mlangoni kuwaaga wageni. Pita kwao, wape mkono, piga nao picha, kisha uwahi treni.