Mjadala: Je, ilikuwa haki kuuondoa hewani mfululizo wa televisheni wa Derrick?

Ndugu wachangiaji, naomba niweke wazi msimamo wangu tangu mwanzo. Naamini kituo cha televisheni cha ZDF cha Ujerumani kilikosea kilipotangaza mwaka 2013 kwamba hakitarudia tena kuonyesha Derrick, ingawa jambo lililokifikisha hapo ni zito na halifai kupuuzwa hata kidogo.

Kwa wasioufahamu, huu ni mfululizo wa upelelezi uliotengenezwa katika mji wa München, Ujerumani, kuanzia mwaka 1974 hadi 1998, vipindi 281 vya saa moja moja, vyote vikiwa vimetungwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker. Mpelelezi Stephan Derrick aliigizwa na Horst Tappert, na msaidizi wake Harry Klein akaigizwa na Fritz Wepper. Ulionyeshwa Ijumaa usiku, na ukauzwa katika nchi zaidi ya 100. Waliouzoea wanakumbuka mwendo wake wa taratibu: jumba la kitajiri lenye bustani, familia iliyokaa kimya sebuleni, na mtu mrefu aliyevaa koti la mvua, mwenye macho mazito ya uchovu, ambaye huuliza swali moja kisha akangoja. Mara nyingi mtazamaji alikwisha kumjua muuaji mapema, na kilichomfanya asiondoke ni kutaka kuona dhamiri ya mtu ikimlemea mpaka aseme mwenyewe.

Aprili 2013, zaidi ya miaka minne tangu Tappert afariki, mwanasosholojia Jörg Becker alitoa hadharani habari kwamba mwigizaji huyo, mwaka 1943 akiwa hajatimiza miaka ishirini, aliorodheshwa kama askari wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Kinazi cha Hitler katika Vita Kuu ya Pili, katika divisheni iliyoitwa Totenkopf. Alipokuwa hai, Tappert alipoulizwa habari za vita alijieleza kuwa alikuwa mhudumu wa tiba jeshini, na hakupenda kuendelea zaidi ya hapo. ZDF ikasitisha mpango wowote wa marudio, na kituo kimoja cha Uholanzi nacho kikasitisha marudio.

Mchangiaji aliyenitangulia ameandika kwamba suala hili halina mjadala, kwa kuwa uso ule hauwezi tena kutazamwa kwa moyo mweupe. Namwelewa, na sitaki kuipunguza uzito hoja yake. Divisheni ya Totenkopf iliundwa mwaka 1939 kwa kuchukua walinzi wa kambi za mateso, na Mei 1940 askari wake waliwaua mateka 97 wa Kiingereza katika kijiji cha Le Paradis, Ufaransa. Tappert alikuwa bado hajaingia humo wakati huo, lakini jina la kikosi lilikwisha kubeba damu. Kwa mtazamaji wa Uholanzi, Norwei au Ufaransa, nchi zilizokaliwa kwa mabavu na jeshi la Ujerumani, Derrick alikuwa Mjerumani mwenye bunduki aliyeruhusiwa kuingia sebuleni bila kuogopwa. Mtu huyo akiona amedanganywa kwa miaka mingi, ana haki ya kuumia.

Hata hivyo, kuumia ni jambo moja na kufungia kazi nzima ni jambo jingine. Reinecker, aliyetunga kila kipindi, alikuwa ameandikia magazeti ya vijana wa Kinazi na kutumikia Waffen-SS kama mwandishi wa habari za vita. Hilo halikuwa siri, na bado maandishi yake yalitangazwa wiki baada ya wiki kwa miaka 24. Nashindwa kuelewa ni kanuni gani inayoiruhusu kalamu ya mtu aliyeueneza Unazi, kisha ikaukataa uso wa askari kijana ambaye nyaraka zake hazikueleza kama alijitolea au alichukuliwa.

Linganisheni pia na Günter Grass, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, ambaye Agosti 2006 alikiri kuwa naye alitumikia Waffen-SS mwishoni mwa vita. Ghadhabu ilikuwa kubwa, lakini vitabu vyake havikuondolewa madukani. Mtaniambia kwamba Grass alisema mwenyewe ilhali Tappert alinyamaza, na hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wenu. Nimeifikiria sana. Naona inamhukumu Tappert kwa haki, lakini haimpi mtazamaji chochote, kwa sababu marehemu hawezi tena kuitwa ajieleze, na anayebaki na sauti ni kituo chenyewe. Hicho ni kituo cha umma, kinachoendeshwa kwa mchango unaotozwa kila kaya. Kingeweza kuvionyesha vipindi hivyo pamoja na nyaraka, kikawaita wanahistoria, kikaeleza pia kwa nini hakikuuliza mapema. Badala yake kilichagua kunyamaza, na kunyamaza ndiko tulikokuwa tukimlaumia Tappert.

Wala tusimsahau Wepper, aliyezaliwa mwaka 1941 na kwa hiyo alikuwa mtoto mchanga vita ilipopamba moto. Kazi yake ya robo karne nayo ikafungiwa kabatini.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitajwa hapa, na kwangu ndilo kubwa. Katika vipindi nilivyovitazama, wenye majumba yale ya München ni watu wa miaka hamsini na sitini, watu ambao mwaka 1943 walikuwa vijana au watu wazima, na hata hivyo vita haitajwi karibu kabisa. Wanazungumza kuhusu hatia usiku kucha, lakini ni hatia ya jana, ya mke, ya urithi, ya biashara. Kizazi kilichotunga, kuigiza na kutazama tamthilia hii kilikuwa na njaa ya kuzungumzia dhamiri na hofu ya kuitaja yake. Tukijua tunachokijua leo, ukimya huo unasikika katika kila tukio, na hakuna kitabu kitakachomwonyesha kijana wa leo jambo hilo waziwazi kama vipindi vyenyewe.

Ningependa wanaounga mkono uamuzi wa ZDF wanijibu hili moja: kama nyaraka hizo zingejitokeza mwaka 1985, Tappert akiwa hai na kipindi kikiwa kileleni, wangetaka kamera izimwe, au wangetaka ielekezwe kwake ili aulizwe?