Naomba ushauri: punda wa jirani ana vidonda na bado anakokota maji

Ndugu wanachama, habari zenu. Hapa Dodoma jirani yangu ana punda anayevuta mkokoteni wa madumu ya maji tangu alfajiri hadi jioni, ingawa begani, pale nira inapokaa, ana kidonda kibichi kinachojaa nzi, na kamba ya katani anayofungiwa usiku imeanza kuzama katika ngozi ya mguu wa mbele. Nimezungumza na mwenyewe kwa upole. Alikubali nikioshe kidonda kwa maji ya chumvi, nikampa na gunia la kukunja chini ya nira, lakini kesho yake nililikuta limetandikwa mlangoni pake. Mtendaji wa mtaa ananiambia kuwa mali ya mtu haiingiliwi, kauli ambayo siikubali, kwa kuwa tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Je, afisa mifugo wa kata anaweza kuamuru punda huyu apumzishwe na kutibiwa kwa gharama za mmiliki, au ni lazima nianzie polisi? Na nikiamua kumnunua, nitamzuiaje jirani asimtese mwingine atakayemnunua kwa fedha hizo hizo?