Naomba ushauri: Nitasomaje jalada la mtu aliyefungua kesi ya ufilisi hapa Marekani?

Mkazi wa Houston: Wakuu, nimepokea kwa posta taarifa kwamba mtu ninayemdai amefungua kesi ya ufilisi chini ya Sura ya 7 (ufilisi ambao mali za mdaiwa huuzwa ili kulipa wadai), na mkutano wa wadai umeshapangiwa tarehe. Ninaamini ameficha pikapu yake. Je, mtu wa kawaida anaruhusiwa kusoma jalada hilo, na kwa gharama gani?

Mama Karani: Ndugu, kesi hizo husikilizwa na mahakama za shirikisho, na majalada yako wazi kwa umma kupitia PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama hizo. Unajisajili, unatafuta kwa jina au namba ya kesi, na unatozwa senti 10 kwa ukurasa, isipokuwa waraka mmoja hauzidi dola 3. Matumizi yasiyozidi dola 30 kwa robo mwaka husamehewa. Ukifika kwa karani wa mahakama, unasoma bure kwenye kompyuta za umma. Anza na jedwali A/B, yaani orodha ya mali zake, ndimo pikapu inapopaswa kuonekana, kisha usome taarifa ya mambo yake ya fedha, inayotaja malipo aliyofanya kabla ya kesi.

Mzee wa Tanga: Mwanangu, mimi nilimkopesha jirani fedha za injini ya boti bila maandishi, na hadi leo tunasalimiana kwa mbali. Hapa nyumbani ningekuelekeza RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, lakini huko sijui. Vijana, andikishianeni.

Mwanasheria Mstaafu: Mdaiwa ni nani kwako, na je, amewahi kukulipa chochote?

Mkazi wa Houston: Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Miezi michache kabla ya kesi alinirudishia dola 4,000, ambazo ni haki yangu. Ninaendelea kumpigia simu kila jioni na sitaacha, kwa sababu deni ni deni.

Simba wa Ohio: Uzi huu una walakini. Mtu amkose shemeji yake mezani, aje kuuliza majedwali? Ninashuku mleta mada ndiye mufilisi, anapima wadai wake wataona nini.

Mkazi wa Houston: Si kweli. Mke wangu ameniomba nisikanyage kwao mpaka kesi iishe.

Mama Karani: Hata angekuwa yeye, jibu ni lile lile: wadai wataona yote.

Mwanasheria Mstaafu: Turudi kwenye hatari yenyewe. Kesi inapofunguliwa, sheria husimamisha papo hapo juhudi zote za kudai, kwa hiyo simu hizo zikome leo. Kuhusu dola 4,000, malipo kwa mdai wa kawaida huchunguzwa kwa siku 90 za nyuma, lakini kwa ndugu, shemeji akiwemo, ni mwaka mzima, na msimamizi wa mufilisi, anayesimamia mali zake kwa ajili ya wadai, anaweza kuzidai zirudi. Kama unashuku pikapu, mwandikie msimamizi huyo, kisha uhudhurie mkutano, kwa maana mdaiwa hujibu maswali chini ya kiapo. Ukitaka kupinga kufutwa kwa deni unalomdai, kwa sababu ya udanganyifu wake, una siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa ya mkutano.

Mkazi wa Houston: Na kama fedha hizo zimeshalipa ada ya mtoto?

Mwanasheria Mstaafu: Bado zinaweza kudaiwa kwako. Mtafute wakili wa ufilisi kabla ya mkutano, na umwonyeshe risiti hiyo ya ada.