Weji ya gofu ya digrii 58 kwa viwanja vya Nairobi: soli ya L, M au K?

Mdau_wa_Ngong
Wadau, habari za jioni. Pitching weji yangu (weji ni fimbo ya kuinua mpira kwa umbali mfupi) ina mlalo wa uso wa digrii 44, nina 50 na 54, sasa natafuta 58. Nachezea sana Karen, mara mojamoja Vet Lab. Nimebaki na chaguo la soli tatu (umbo la upande wa chini wa fimbo) za Vokey, chapa ya weji: L yenye baunsi (pembe ya soli kushuka chini ya makali ya mbele) ya digrii 4, M yenye 8 na K yenye 14. Muuzaji ananisukumia L, eti ndiyo ya mapro. Handikapu yangu (mapigo ya ziada ninayopewa) ni 19.

Kedi Mstaafu
L iache hapo hapo dukani. Baunsi ndiyo inayozuia makali ya mbele yasizame ardhini, na wewe wa 19 unaihitaji kuliko pro. Chukua K. Soli yake ni pana, na kwenye banka, yaani shimo la mchanga, inateleza chini ya mpira hata ukikosea kidogo. Bingwa wa zamani Gene Sarazen alipoongezea chuma chini ya fimbo yake na kushinda Open ya Uingereza ya 1932 pale uwanja wa Prince's, hilo ndilo alilokuwa analitafuta.

Mama Birdi
Mzee wangu, kwa banka nakubali. Lakini subiri Februari, ardhi imekauka na mpira umekaa juu ya udongo mtupu. K inadunda, makali yanapiga tumbo la mpira, nao unavuka grini (nyasi fupi zenye shimo) kama risasi. Mimi natumia M. Nyuma na kisigino vimenolewa, kwa hiyo nikifungua uso wa fimbo (kuulaza nyuma) makali hayainuki sana. K ukiifungua baunsi inazidi kuongezeka, na hapo ndipo balaa huanza.

Fimbo14
Hakuna aliyemuuliza anavyopiga! Mikono ikiitangulia fimbo kwa digrii 5 mpira unapoguswa, unapunguza baunsi kwa hizo hizo 5. K inabaki na 9, M na 3, na L inaingia chini ya sifuri, yaani unachimba mtaro. Ndugu, divoti zako (vipande vya nyasi unavyong'oa ukipiga) ni nene au unafagia tu?

Mdau_wa_Ngong
Nene. Kedi wangu, mbeba fimbo, analalamika kuzirudishia.

Kedi Mstaafu
Si nilisema?

Fimbo14
Basi L imetoka. Tena kuna nyasi ya kikuyu viwanjani. Nyasi hii ni ya kwetu, ya nyanda za juu, ingawa hata uwanja wa Riviera kule Los Angeles wanayo. Kwenye feawei, njia kuu ya kuchezea, inaubeba mpira vizuri, lakini kando ya grini matawi yake yanashika shingo ya fimbo na kufunga uso. Makali membamba yakiingia humo hayatoki. Chipu (pigo fupi) ya kuviringisha nayo inakwama kabla ya kufika grini, kwa hiyo utalazimika kuinua mpira, utake usitake. Ukiupiga uso ukiwa wazi kidogo, M. Kama hujawahi kuufungua na huna mpango huo, K, hasa Aprili mvua ikilainisha kila kitu.

Mama Birdi
Na 54 yako ina baunsi ngapi? Ikiwa 12 au zaidi, matope na banka laini iachie hiyo. 58 iwe ya kiangazi.

Mdau_wa_Ngong
Ni 14! Basi M. Mwenye M iliyotumika, mistari ya usoni haijaisha, anitafute inbox. Samahani mzee.

Kedi Mstaafu
Hamna neno. Kwenye banka la kwanza tutaongea.